Jipu la Shingoni, Mguu wa Tumaini

Jumanne jioni.

Kumbe jipu la shingoni ndilo lililoanzisha yote. Daktari ameeleza kwamba vijidudu vilitoka pale, vikapita kwenye damu, vikatua kwenye mfupa wa mguu. Nami siku nne nimemchua binti yangu Tumaini mguu kwa maji ya chumvi, nikidhani ameteguka!

"Nani alisema ameteguka?" daktari aliuliza.

Mama mkwe akaninyooshea kidole. "Huyu mkamwana wangu, daktari. Bingwa wa mifupa wa mtaa mzima."

Niliogopa mguu utakatwa. Lakini ugonjwa bado mchanga, utatibiwa kwa dawa wiki kadhaa. Ningechelewa ukawa sugu, wangempasua kutoa mfupa uliokufa.

Leo homa imeshuka, Tumaini ameomba ugali na dagaa wa Nyasa. Nimefurahi. Kuchua nimestaafu, ingawa jirani ameshaniletea mgongo wake.