Uzi Niliouchomoa Jikoni

Zuwena, mke wangu wa ulimi mkali,

Mie mzima, ila tumbo linanuna. Mjukuu wetu Salma anasoma chuoni kwamba jamii ni mfumo. Nikamuuliza, "Kaufuma nani?" Akacheka. "Babu, sote nyuzi. Ukichomoa mmoja, mfumo wote unalegea."

Nikataka kuona. Ijumaa, siku ambayo huku ugenini hata makanisa husali, mwanetu Asha alimnyima Grace, mtumishi wao Mganda, ruhusa ya kwenda kanisani. Nikamwambia Grace, "Nenda mwanangu, jikoni nnakaa mie."

Biriani ikaungua, dele la kahawa halikuonekana, Asha na mumewe wakanuniana. Salma akanong'ona, "Babu, umechomoa uzi!"

Grace aliporudi, Asha akamwambia, "Ijumaa zote zako, bibi wee, lakini huyu mzee asiingie tena jikoni mwangu!"

Nibusie paka. Wewe nakubusu mwenyewe nikirudi, meno yakiwepo.

Mumeo