Kofia ya Nyaya Imenifichua

Mzee mwenzangu Leonsi,

Salamu nyingi kutoka hapa Izia, ambako baridi inanilaza na koti. Nimemleta mjini mjukuu wangu Neema, yule kiziwi aliyepandikizwa kifaa cha kusikia. Wataalamu wanapima mawimbi ya ubongo wake, wajue sauti zinamfikia vipi. Mtoto akaikataa kofia yao yenye nyaya mpaka mimi niivae kwanza.

Nikawaonya kwamba mimi ni kiziwi kabisa, wasitegemee kitu kichwani mwangu. Wakapiga mlio mara nyingi, nami nikatulia kama ninavyotulia kanisani. Binti wa mashine akatazama kompyuta, akasema taratibu, “Babu, ubongo wako unasikia kuliko wangu.” Neema akanikazia macho, akatamka, “Babu mwongo.” Kisha akaivaa kofia huku akicheka, na mawimbi yake nayo yakainuka.

Leonsi, moyo wangu umechoka na daktari haniahidi kuiona Krismasi, kwa hiyo nakiri. Sijawahi kuwa kiziwi. Nilipostaafu ualimu mlitaka niwe katibu wa kila kamati ya kigango, nikaona afadhali uziwi. Ukatibu ukaubeba wewe, na kila Jumapili ukakaa kando yangu ukinirudishia mahubiri sikioni kwa sauti ya kuamsha wafu. Nisamehe ningali hai. Tukirudi Mwazye njoo unigombeze mpaka uridhike. Nitasikia kila neno.

Akupendaye,
Mwalimu Didas