Maji Yaliingia Chini ya Turubai

Maskati, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Bagamoyo.

Shomari, ndugu yangu,

Tangu uzikwe sijatulia. Nasoma ukurasa uleule mara tatu, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga. Begi nimelipanga na kulipangua mpaka mke wangu ameacha kuuliza. Sababu ni binti yako. Mwanaidi anataka nirudi niliongoze kundi ulilolianzisha, lile la ngoma za kisasa ambalo majirani walilicheka: "Ngoma gani haina harusi wala jando?" Nawe ukawajibu, "Mikoko inakatwa kila siku, hilo si jando?"

Sauti yake kwenye simu ilikuwa kavu. "Shikamoo baba mdogo. Vijana hawanisikilizi, wanasema mimi si baba. Unakuja, au unanizungusha?"

Kisha akanitumia video ya onyesho. Alilipanga pale kwenye tope la mkono wa bahari, mikoko ilipofyekwa kupisha mashamba ya chumvi, ambapo sasa maji huingia hadi majumbani. Saa ya maji kupwa aliichagua vizuri. Ila mgeni rasmi alichelewa, na unatujua: ngoma haianzi mkubwa hajakaa. Wakamngoja. Alipofika akasalimia kila kiongozi kwa cheo chake, akahutubia, akahutubia tena. Na siku ile ilikuwa bamvua, maji yakijaa kupita siku zote.

Nayaona maji yakipita kati ya visiki, hayana wa kuyazuia, yakiingia chini ya turubai la wageni. Bibi mmoja anapaza sauti: "Mheshimiwa, pandisha suruali, maji hayana itifaki!" Watu wanacheka. Wapigaji wanamtazama Mwanaidi.

Mimi ningesimamisha. Na wewe pia, usinikatalie. Ngozi ya ngoma ikilowa ulikuwa hulali.

Yeye aliwaashiria wapandishe ngoma juu ya viti, akaingia majini. Wakamfuata, walewale wasiomsikiliza. Katika ngoma yako, wanaoanguka kama miti hulala mpaka mwisho. Safari hii wangekunywa maji. Basi kila aliyeanguka, mwenzake akamwinua, naye akaenda kumwinua mwingine. Mgeni rasmi alisimama juu ya kiti, viatu mkononi.

Nimeitazama mpaka simu ikapata moto. Na unajua nilichokuwa nikifanya? Nilikuwa nasahihisha. Mkono wa kushoto uko chini mno. Huyu kawahi. Kama mama alivyotufukuza uani na mwiko tulipocheza tukawatimulia vumbi dagaa wake, nami ningekuwa na mwiko wangu. Nikikaa pale mbele, wataniangalia mimi kwanza kabla ya kumwinua mwenzao. Kwetu mzee akiwepo harukwi.

Jana nilimpigia. Nikamwambia kundi ni lake, na ule mwisho mpya asiuguse hata wazee wakimjia juu.

"Kwa hiyo huji."

"Siji, mwanangu."

"Haya. Lakini simu yangu utapokea?"

Nitapokea, Shomari. Nakuahidi: atakachoniuliza nitamjibu, asichoniuliza nitakimeza, japo kitanikwama. Na kila Ijumaa nitakusomea Yasini kutoka hukuhuku.

Mungu akupe kauli thabiti, ndugu yangu. Mimi miguu bado inacheza chini ya meza ninapoandika, lakini nimekwisha amua. Sitarudi Bagamoyo.