Kadi Zinachomwa, Watu wa Bibi Yangu Sijawapata

Bibi yangu Ndindi amekufa tarehe sita mwezi huu. Figo. Tumemzika makaburi ya Lang'ata.

Mshauri, nisaidie, sina mtu mwingine wa kuuliza. Naitwa Kivuva, nakaa Mukuru kwa Reuben, kazi yangu ni ya kubeba. Shule niliachia darasa la tatu, kama nimeandika vibaya soma tu.

Sisi Wakamba kama hujapeleka mbuzi za ntheo kwa watu wa bibi, huyo bibi si wako na watoto si wako. Mimi sikupeleka, miaka kumi na tisa. Si ati nilikataa, hakukuwa na pahali pa kupeleka, kwa sababu baba ya Ndindi alikufa hapa Nairobi Ndindi akiwa mdogo, mama yake akafuata, akalelewa na jirani Mkikuyu anaitwa Warigia, huyo ako hai lakini macho imeisha, na yeye anajua tu baba aliitwa Mativo na walitoka Ukambani, na Ukambani ni kubwa. Ndugu yangu mkubwa Kiema akakataa tumzike kwa shamba yetu. Akasema msichana wangu akisikia, "Hata huyu Kaluki si wetu. Siku ya kuolewa mbuzi zake zitaenda kwa nani?" Kaluki ako miaka kumi na saba. Hakulia. Alitoka nje.

Sasa, kabla Ndindi hajalala hospitali nilipata kibarua ya kutoa makaratasi kwa stoo ya ofisi moja ya nyumba za zamani, jina sitaji. Ni kadi za wapangaji za wakati ya mzungu. Jina, baba yake, location ya kwao, bibi, watoto. Zimefungwa na kamba, nyumba moja bando moja. Tunarundika nje, mwisho wa mwezi zinachomwa. Siku moja nikaona kadi ya Mativo Ndete, Kilungu, mtoto Ndindi. Nikaweka bando yake yote ndani ya shati. Mnyapara Githinji akauliza, "Mzee, unabeba ama unasoma?" Nikasema nabeba.

Toka hapo kila jioni nilitoka na zingine chini ya koti, kwa sababu lazima kuna mtu mwingine kama mimi. Sasa ni gunia mbili za plastiki. Nikakata kamba nikapanga vizuri, Wakamba gunia hii, makabila mengine ile. Majirani wamesikia. Mmoja anaitwa Jama anakuja kila siku, "Baba Kaluki, nitafutie babu yangu humo. Alikuwa mrefu sana." Namwambia kadi haiandiki urefu.

Jumapili nilifika Kilungu na hiyo kadi. Chifu akasema, "Mativo gani? Mimi mwenyewe ni Mativo."

Nauliza, hizo kadi nimeiba? Na hao watu nitawapata aje? Siku za matanga zimeisha, kesho narudi kazini.

Kivuva

*

Kivuva, pole kwa Ndindi. Ndugu yako amekosa. Maneno ya mbuzi hayasemwi mbele ya mtoto ambaye amefiwa na mama yake, na umwambie ni mimi nimesema.

Kadi si zako, lakini sitakugombeza kwa kuzitoa motoni. Nitakugombeza kwa kukata kamba. Nani alikuambia hao watu walikaa kwa kabila? Walikaa kwa mlango! Kadi zilizofungwa na ya Mativo ni za watu waliolala nyumba moja naye, na wakati huo mtu alikaribishwa Nairobi na mtu wa kwao. Huyo ndiye angekuambia ni Mativo gani. Wewe umemchanganya na mamia.

Bado anaweza kupatikana. Kaluki atafute kadi zote zilizoandikwa Kilungu, aende nazo kwa Warigia, amsomee jina moja moja polepole. Mama huyo macho yameisha, masikio hayajaisha. Atasema, "Huyo alikaa na Mativo." Jina hilo ndilo utampelekea chifu.

Zile gunia za plastiki, zitoe leo. Chini ya mabati plastiki inatoa jasho na wino unaondoka. Weka kadi kwa katoni, juu ya meza, mbali na panya. Na bando zilizobaki stoo usikate hata moja.

Halafu nenda Archives mjini, pale pa kumbukumbu za serikali, kabla mwezi haujaisha, useme kuna kadi za serikali zinataka kuchomwa, na uwapatie hizo zako. Uwaambie ukweli kwamba kamba umekata wewe. Nimewapigia simu, uliza mama anaitwa Mumina. Jama naye akamtafute babu yake huko huko. Kibarua unaweza kukipoteza, sikufichi. Nenda hivyo hivyo.

Ukiwapata watu wa Ndindi, siku ya kwanza usiende na mbuzi. Nenda na Kaluki, mikono mitupu. Hao hawajui Ndindi alikua mtu mzima, hawajui alizaa, hawajui amekufa. Wapatie siku ya kulia, ndiyo uitishe siku ya ntheo.