Kibanda Uani kwa Mzee Issa

Ijumaa, 3 Oktoba

Naandika haraka kabla ya kuwasha mishumaa. Nimetoka ofisini saa tisa kwa ruhusa. Bosi haulizi tena. Wali, maharage, mboga, yote kabla jua halijazama. Jana tulifunga Siku ya Upatanisho, leo Sabato inaingia, Jumatatu jioni Sikukuu ya Vibanda. Mwili haujapumzika. Wayahudi tunaojuana hapa Dodoma ni familia nne, na sote hukutania kwangu kwa sababu ua ni mpana. Yona, mume wangu, yuko kazini Mtera. Nimechoka kuwa mwenyeji.

Jumapili, 5 Oktoba

Danieli, mwalimu wa sekondari anayetuongozea sala, kaleta mabua ya mtama kutoka upande wa Kibaigwa. Mwezi huu ni shida kuyapata, ng'ombe wameshayamaliza. Tumesimamisha nguzo, mashuka yakawa kuta, mabua juu, tukiyaachanisha ili nyota zionekane. Mama Naomi kafika na basi kutoka Mlali, mguu umevimba. Ndiye mkubwa wetu. Tangu mumewe afariki hana mtu kule.

Jioni mwenye nyumba, Mzee Issa, kaniita. Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Anasema mtaani watu wanaongea. Vita wanavyoviona kwenye televisheni. Wanauliza sisi ni wa upande gani.

"Sijakukataza," akasema. "Nakuambia tu ujue."

Nimejibu nimesikia. Mimi nimezaliwa Singida.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwenyekiti wa mtaa kapita asubuhi. Kakitazama kibanda muda mrefu. Nimemweleza ni sikukuu, tunakula humo siku saba, basi. Kaondoka bila kuaga. Mpangaji wa chumba cha mwisho naye haitikii salamu zangu siku hizi.

Danieli ameacha kuvaa kofia yake ndogo ya Kiyahudi shuleni. Anataka tukibomoe, tusali ndani kimya. Mama Naomi kakataa kabisa. Moyoni niko na Danieli. Naogopa. Jua linashuka. Naweka kalamu, sikukuu hatuandiki.

Jumatano, 8 Oktoba, jioni

Siku mbili kubwa zimeisha. Naruhusiwa kuandika.

Jana alfajiri tumekuta kibanda kimebomolewa. Nguzo zimetupwa nje ya geti, mashuka yamekanyagwa. Hatukusikia kitu. Na siku ya sikukuu haturuhusiwi kujenga, hata kufunga kamba. Kumwomba mtu atujengee nako hakuruhusiwi. Danieli alikaa juu ya ndoo. Mama Naomi alilia. Mimi sikulia. Nilihisi nafuu kwamba yamekwisha, na nafuu yenyewe ikaniudhi.

Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Issa, akatoka nje.

"Mbona mmekaa? Simamisheni."

"Leo haturuhusiwi, Bibi. Ni dini yetu."

Akafikiri kidogo. "Msioruhusiwa ni ninyi. Mimi kanikataza nani?"

Akaenda kuokota nguzo. Mzee Issa akaja na sururu, akachimba mashimo upya. Tukasimama tunawatazama wazee wawili wakihangaika juani kwa ajili yetu. Ni vigumu kutazama. Mama Naomi alijiziba mdomo kwa mkono asije akaelekeza.

Mwenyekiti alipita, akauliza kuna nini. Bi Mwanaidi hakuacha kufunga kamba.

"Wapangaji wangu wanataka kula. Na aliyebomoa kitu uani kwangu aje aniambie mimi."

Mwenyekiti kasema atafuatilia. Sidhani.

Kibanda kimekaa upande. Mabua mengine yalikuwa yamevunjika, jua likatupiga utosini. Tulikula humo humo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpangaji wa chumba cha mwisho kahama. Sijui kama ndiye aliyebomoa. Sitaki kujua. Mzee Issa kapoteza mpangaji kwa sababu yetu. Nimeona haya kumpa shikamoo. Kaitikia marahaba kama siku zote.

Danieli kaja moja kwa moja kutoka shuleni, kofia kichwani. Yona kwenye simu anasema tuhame. Nimemuuliza tuhamie wapi. Naye hajui.

Jumapili, 12 Oktoba

Upepo kutwa. Vumbi ndani ya chakula. Nampikia Mama Naomi, namfulia, nimempeleka zahanati. Leo nimemkaripia bure, kisa kikombe. Kaniomba radhi yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikukuu zimeisha, na zile siku mbili za kufungia pia. Kibanda tumekibomoa wenyewe. Mabua wamekula mbuzi wa Bi Mwanaidi.

Mama Naomi alikuwa anafunga mzigo arudi Mlali. Mzee Issa akapiga hodi.

"Huyu bibi anateswa na barabara. Chumba cha mwisho kiko wazi. Akae."

Mama Naomi akanitazama mimi. Nilijua anachouliza. Nani atamchotea maji, nani atampeleka zahanati mguu ukizidi. Hakuna mwingine. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kusimama ni kazi. Nikamwambia, "Fungua mzigo, mama."

Nimefagia chumba, nimemtandikia. Amelala mapema, mlango kauacha wazi kwa ajili ya joto. Nimekaa kizingitini kwake kidogo, namsikia anakoroma. Kisha nikarudi kwangu.