Mstari wa Dhahabu wa Afande

Mjukuu wangu Nambozo,

Habari za Mbale na baridi ya mlima? Sisi huku Walukuba tu wazima. Goti la bibi yako limepona, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Unauliza kwa nini mstari uliopiga kwenye mlango wa gari la rangi mbili umeinuka kama kovu. Mama, ulichelewa kubandua selotepu. Ulingoja hadi baada ya klia, ile rangi angavu ya mwisho ya kung'arisha.

Nikiwa kijana, afande mmoja wa magereza alileta gari lake gereji kwetu Bugembe. Alitaka nyeupe juu, damu ya mzee chini, na mstari wa dhahabu katikati. Mafundi wenzangu waliikwepa kazi ile. Mimi niliichukua. Rangi zilipokauka kidogo tu, nilibandua selotepu yote, ndipo nikapulizia gari zima klia, tabaka juu ya tabaka, nikasugua kwa msasa wa maji, nikapulizia tena.

Afande alipokuja hakutazama kwanza. Alifumba macho, akapitisha ukucha kutoka juu ya mlango hadi chini, usikwame popote.

"Bwana, mstari uko wapi?"

"Fumbua macho, afande."

Alifumbua, akatazama, kisha akanipigia saluti. Mimi, niliyejaa rangi hadi kwenye nyusi!

Basi sugua mlango huo, uanze upya. Ukimaliza, niite. Nitakuja Mbale, nifumbe macho, nipitishe ukucha. Bega langu la kulia linauma siku hizi, lakini saluti moja bado limebakiza.

Babu yako