Mti Wako Usiokuwa na Matunda

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Najua ulishatangulia mbele ya haki, lakini shikamoo yako naitoa, maana leo nimeumbuka na wa kumwambia ni wewe tu.

Kwaya yetu ya Makere ilialikwa Tanga, wenyeji wakatupandisha Usambara kwenye ile bustani ya mimea uliyokuwa huachi kutusimulia. Miti ya dunia nzima, kila mmoja na kibao chake! Mwongoza wageni akasimama kwenye mmoja, akasema, "Huu ni adimu, imebaki michache mno. Kuna aliyewahi kuuona?" Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Unakumbuka miaka ile ya tisini, tulipokimbia Burundi ukatupa chumba cha darasa la mwisho tulale, pale shuleni kwako Kasulu? Nyuma yake ndipo ilipokuwa bustani yako. Mche wa mti huo uliupakata kwenye treni kutoka kwenu Usambara mpaka Kigoma, umeuviringishia gunia bichi. Sasa mvua ikagoma kukatika, kuni zikaisha, wadogo zangu wanalia njaa. Mama akashika panga. Masikini, alichagua kwa adabu! Akauacha mparachichi, akauacha mpera, akasema hiyo inalisha watu. Akakata usiokuwa na matunda.

Ulipokuja kutujulia hali, gogo lilikuwa kwenye mafiga, kibao chako cha bati bado kinaning'inia kwa waya. Ukakisoma. Mama akafuata macho yako, akaelewa, akapiga magoti. "Mutubabarire, Mwalimu," akakuomba msamaha kwa Kirundi. Kisha ukauliza, "Maharage yameiva?" Ukavuta kigoda, ukala nasi. Machozi yalikutoka, ukasingizia moshi.

Jamani, bora ungetutukana! Matusi tungeyasahau. Lakini ulikula, ukamsifu mama kwa mapishi, na aibu ile sijapata pa kuitua mpaka leo.

Wenzangu walipoendelea mbele, mimi nilibaki nimeshika gome la mti wako. Nilitaka kumfuata yule kijana mwongoza wageni nimwambie ndiyo, naufahamu. Mdomo ukakataa. Wao wa bustanini wanaujua kwa majani na maua yake. Mimi naujua kwa moshi wake, Mwalimu, na yale maharage yalikuwa matamu.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako wa darasa la mwisho.